Neno Lililotembea Kinyume

Maseremala walianza kugonga kabla jua halijavuka ukuta wa mashariki, na Abdeshmuni akashindwa kumeza uji wake. Ulikuwa uji mzuri wa shayiri, wenye jibini na asali na yai lililovunjiwa juu, kama alivyoupenda tangu utotoni Karthago. Aliusogeza pembeni. Akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, akaketi, akasimama tena. Kila nyundo iliposhuka huko uwanjani alijua ni mti gani unaotengenezwa, ni nani atakayetundikwa juu yake saa sita mchana, na ni ulimi wa nani uliompeleka huko. Ulikuwa ulimi wake mwenyewe.

Mambo yalianza siku mbili nyuma. Askari mmoja wa kukodiwa, Mkampania kutoka Italia aitwaye Vibio, mtu mwenye shingo nene na subira nyembamba, alikuwa akicheza kete na wenzake, akaikata sarafu yake kwa tindo ili alipe nusu. Ndani ikatoka nyekundu. Ilikuwa shaba tupu, iliyovikwa fedha nyembamba kama ganda la kitunguu. Kufikia jioni Wakampania walikuwa wamekata sarafu arobaini, na kumi na moja kati ya hizo zilikuwa nyekundu. Kambi ya Lilibeo, kisiwani Sisilia, ilikuwa na Wakampania, Waiberia, Walibya na warusha mawe wa visiwani, watu ambao hawakuelewana hata kwa salamu, lakini jioni ile walielewana wote.

Kwao Karthago watu walikuwa wameuza na kununua kila kitu chini ya jua kwa mamia ya miaka bila kupiga sarafu hata moja. Vita vya Sisilia ndivyo vilivyowafundisha. Askari wa kukodiwa hapigani kwa ahadi. Anataka fedha, tena iwe na sura anayoijua: uso wa Taniti, mungu wa kike, upande mmoja, kichwa cha farasi na mtende upande wa pili, na chini ya shingo ya farasi neno linalosema fedha hii ni ya nani. Fedha hiyo ikisema uongo, jeshi linageuka kundi la wanyang'anyi wenye silaha nzuri, na Lilibeo nzima ilikuwa imelala na jeshi hilo ndani ya ukuta mmoja.

Jemadari Safati alimwita Abdeshmuni, mkaguzi wa sarafu, na mkaguzi akaitazama sarafu mbovu kwa muda usiotosha hata kupiga chafya. Neno la chini ya farasi lilikuwa limegeuka. Watu wa Karthago huandika kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi hizi zilikwenda kutoka kushoto hadi kulia, kama wanavyoandika Wagiriki. Na katika karakana ya sarafu Mgiriki alikuwa mmoja tu, Zopiro wa Sirakusa, mchongaji wa mihuri ya kupigia sarafu.

"Herufi zinatembea Kigiriki," alisema Abdeshmuni mbele ya watu wote. Watu wakacheka, na yeye, miungu imsamehe, akafurahi walivyocheka. Kufikia usiku askari walikuwa wameshatunga wimbo wa farasi wa Karthago aliyesoma Kigiriki.

Asubuhi hii ya nyundo, karani mkuu Milkiyatoni aliingia na hati mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimechanwa vizuri, vidole vimeingia wino hadi kwenye kucha, mtu ambaye hakupita karibu yako bila kuwataja watoto wako kwa majina. Alimwuliza mkaguzi habari za bintiye, kisha akaitandaza hati mezani. Ilikuwa ushahidi dhidi ya Zopiro. Donge la udongo lilikuwa tayari limebandikwa juu ya kamba yake, likisubiri muhuri.

"Kandamiza pete yako hapa, bwana mkaguzi, nikuache ule," alisema.

Abdeshmuni alikandamiza. Alipoiinua pete, jina lake lilionekana kwenye udongo, sawasawa, kutoka kulia kwenda kushoto. Akaigeuza pete aifute, kama afanyavyo kila siku. Jina lililochongwa kwenye pete lilikuwa kinyume. Lilikuwa kinyume miaka ishirini, tangu marehemu baba yake alipompa. Aliitazama mpaka karani akamwuliza kama kidole kinamuuma.

Akalifinya donge la udongo kwa dole gumba. "Udongo umelowa mno. Umetoka vibaya."

"Mbona mimi nimeona umetoka vizuri?"

"Wewe ni karani. Mkaguzi ni mimi."

Milkiyatoni alicheka kwa moyo mweupe, au hivyo ndivyo ilivyoonekana. Abdeshmuni akamwomba kibali cha kuingia ghala la mihuri, akisema anataka kufunga shauri hili bila kuacha kiporo. Karani akachomoa kigae kwenye mkoba wake, akachovya unyasi katika wino, akaandika upesi bila kuinua mkono: mkaguzi aingie ghala la watu wa kambi. Akaupuliza wino ukauke. Akamwonya asichelewe, kwa kuwa jemadari hataki jua lipite utosini kabla kazi haijaisha, na Wakampania wameanza kunoa vitu ambavyo havihitaji kunolewa.

Abdeshmuni alitoka mbiombio. Njia nzima alikuwa akijitukana kimoyomoyo. Kila mwenye pete anajua kwamba ukitaka neno litoke sawa, unalichonga kinyume. Basi neno lililotoka kinyume lilichongwa sawa. Mtu aliyechonga mihuri miaka tisa hawezi kukosea hapo, hata akiwa amelewa. Anayekosea ni yule ambaye hajachonga hata pete maishani mwake, mtu aliyeshika tindo akaandika kwenye chuma kama anavyoandika kwenye karatasi ya mafunjo. Mgiriki asiyejua lugha yao hangeweza kufanya kosa kama hilo. Lilikuwa kosa la mtu wa Karthago, msomi, mtu kama yeye Abdeshmuni.

Lakini hayo yalikuwa mawazo tu, na jemadari hatasimamisha askari elfu nne kwa mawazo. Alihitaji kitu cha kushika mkononi.

Ghala la mihuri lilikuwa chumba cha mawe nyuma ya karakana. Siku nyingine usingeweza kuongea humo kwa kelele za nyundo za wapiga sarafu. Leo fuawe zilikuwa zimepoa na wafanyakazi wamekwenda uwanjani kutazama. Mlinzi alikisoma kigae, akamfungulia. Abdeshmuni alikwenda moja kwa moja kwenye kapu la vyuma vilivyochakaa.

Sarafu hupigwa katikati ya mihuri miwili. Wa chini, wenye uso wa Taniti, umekaa ndani ya fuawe na huishi muda mrefu. Wa juu, wenye farasi, ndio unaokula nyundo, nao hufa upesi. Ukifa, mkaguzi husimama hapo hapo na kuangalia neno likikwanguliwa kwa tindo, ili chuma kile kisiweze tena kusema kwa niaba ya jeshi. Kisha hutupwa kapuni kusubiri kuyeyushwa. Mlangoni palikuwa na ubao wa alama, na Abdeshmuni mwenyewe ndiye aliyeziweka: saba. Kapuni alikuta sita. Akalimwaga kapu lote sakafuni, akapiga magoti, akahesabu tena. Sita.

Akaipeleka sarafu mbovu kwenye mwanga wa dirisha. Sasa aliitazama kama alivyopaswa kuitazama juzi. Farasi alikuwa farasi halisi, mzee, manyoya ya shingo yamelika kwa kupigwa. Neno tu ndilo lililokuwa jipya, kali, limechimbwa mahali palipokwanguliwa. Herufi moja ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja mwishoni. Na upande wa pili, nyuma ya sikio la mungu wa kike, ufa mwembamba kama unywele ulishuka hadi kwenye taji la shayiri. Aliujua ufa huo. Ni yeye aliyeustaafisha muhuri ule wa Taniti kwa sababu ya ufa huo, majira ya mavuno yaliyopita.

Zopiro angeweza kuchonga farasi mpya kwa siku tatu, na angemchonga vizuri. Hakuwa na haja ya kuiba mzee kapuni. Aliyeiba ni mtu asiyejua kuchonga farasi.

Ila ule muhuri wenye ufa haukuwa wa kutupwa kapuni. Hakuna mtu Lilibeo ambaye angethubutu kuugusa uso wa Taniti kwa tindo. Mihuri yake ikichoka, hufungwa kwa kitani na kupelekwa kulala hekaluni.

Kwenye ngazi za hekalu alikuta mwanamke ameketi, mikono magotini. Alikuwa Mirto, mke wa Zopiro. Hakusimama.

"Umekuja kumshukuru Taniti?" aliuliza, akionyesha ndani kwa kidevu. "Pua yake kwenye sarafu ni yangu. Zopiro alinikalisha siku nne mbele ya dirisha nisitingishike. Jeshi zima linaning'ata pua kila siku ya mshahara, na leo linaniimbia."

"Mama, nina swali moja tu."

"Juzi ulisema maneno matatu. Herufi zinatembea Kigiriki. Mume wangu anakufa kwa maneno matatu, na wewe unakuja na swali moja."

Abdeshmuni aliona aibu, na hakujaribu kuificha. Akamwuliza kama Zopiro anajua kuandika lugha ya Karthago. Mirto akamjibu kwa dharau kwamba Zopiro hawezi kuandika kwa lugha hiyo hata jina la mbwa wake. Siku alipoajiriwa alipewa muhuri wa zamani, akaambiwa afanye kama huu. Tangu siku hiyo halisomi lile neno, analichora tu, kama anavyochora mtende.

Ndani, Batibaali, kuhani wa hekalu, bibi mfupi mwenye sauti kavu, alikataa katakata. Mafurushi ya mungu hayafunguliwi. Hayajafunguliwa tangu enzi ya bibi yake. Abdeshmuni alimwomba, akamwomba tena, huku sikio lake likiwa uwanjani, nyundo zikigonga. Mwishowe akasema, "Bibi, kama hayumo humo, umekuwa ukimfukizia nani uvumba?"

Bibi akaenda kwenye kasha, akatoa furushi la majira ya mavuno, akafungua fundo kwa mikono yake mwenyewe. Kitani kilipolegea, kikadondoka kipande cha risasi, kizito, cheusi, hakina uso. Batibaali akatamka tusi ambalo Abdeshmuni hakuwahi kulisikia hata bandarini.

"Nani walileta furushi hili?"

"Wawili. Karani mkuu na yule Mgiriki. Walipitia nyumbani kwa karani kwanza kuchukua kitani safi. Mgiriki ndiye aliyelibeba, akalibusu pale mlangoni. Karani alifunga fundo, yule mwingine hajui fundo letu."

Basi wawili walikuwa na nafasi, na mmoja wao tayari alikuwa amefungwa kamba mikononi. Neno la bibi mmoja dhidi ya karani wa ukoo mkubwa lisingetosha. Abdeshmuni alikitia kipande cha risasi kwenye mkunjo wa vazi lake, akakichomoa kile kigae cha kibali ili akitupe, maana kazi yake ilikwisha. Hapo ndipo alipokiona. Neno la mwisho, kambi. Katikati yake herufi ileile ya sarafu mbovu, yenye mkia mrefu, uliojikunja mwishoni.

Nyundo uwanjani zikanyamaza.

Alikimbia. Mtu wa miaka hamsini, tumbo mbele, kipande cha risasi kikimgonga pajani kwa kila hatua, aliteremka barabara ya waokaji mikate na hakumjibu aliyemsalimia. Mirto alimwona akipita, akainuka na kumfuata bila kuuliza.

Uwanja ulikuwa umejaa. Upepo wa moto kutoka upande wa Libya ulipeperusha vumbi, na askari walikuwa wakisogea mbele na kurudi nyuma, hakuna aliyetulia. Mti ulikuwa chini bado, shimo lake limechimbwa. Zopiro alisimama kando yake, kifundo kwa kifundo kimefungwa, mtu mdogo mwenye macho ya kufinyafinya, kama ya wale wanaofanya kazi ya kutazama karibu. Jemadari Safati alikuwa juu ya kiti chake, amekonda kwa homa ya wiki mbili, akitaka jambo moja tu, liishe.

Abdeshmuni alifika akihema, akasema amekosea, kwamba mtu huyu siye. Askari wakapiga kelele. Vibio akauliza kama mkaguzi naye amepewa sarafu nyekundu. Safati akamtaka atoe sababu, na upesi.

Milkiyatoni ndiye aliyeingilia, kwa upole wake wote. "Jemadari, tusigombane mbele ya wageni. Mfungueni huyu mkono mmoja, apewe kibao cha nta, aandike lile neno. Likitembea Kigiriki, tumemaliza."

Lilikuwa wazo la haki, hata Wakampania walilikubali. Abdeshmuni hakuwa na wasiwasi. Alijua Zopiro atasema hajui kuandika. Mkono ukafunguliwa. Zopiro alikitazama kibao, akatazama kijiti cha kuandikia, na kwa uso wa mtu anayefurahi kupewa walau kazi moja anayoiweza, akaanza kuandika. Alianzia kushoto. Herufi baada ya herufi, safi, nzuri, zikaenda kulia, zimegeuka zote.

Uwanja ulilipuka. Mtu akaanza ule wimbo wa farasi. Milkiyatoni alimgeukia Abdeshmuni kwa masikitiko ya kweli kabisa usoni. "Pole, bwana mkaguzi. Ulitaka kuwa mwema."

Mkaguzi alikuwa akikitazama kibao. Herufi ya katikati. Mkia wake ulikuwa mfupi, umenyooka, hauna mkunjo wowote. Na maneno ya Mirto yakamrudia: alipewa muhuri wa zamani, akaambiwa afanye kama huu. Kumbe maskini huyu hajawahi kuliandika neno sawa, kwa kuwa hajawahi kuliona sawa. Mkono wake unaijua sura ya muhuri tu.

"Vibio, nipe sarafu nzuri."

"Nzuri?" Vibio aliwatazama wenzake. "Si ndilo tunalouliza hapa tangu juzi?"

Vicheko vikapita, lakini akatoa moja, aliyokwisha kuitoboa ukingoni na kuhakikisha kuwa ni nyeupe hadi ndani. Abdeshmuni alikipokonya kibao, akaikandamiza sarafu nzuri ndani ya nta, chini ya maandishi ya Zopiro, akaibandua.

"Njoo uangalie. Alichoandika yeye, na alama ya sarafu."

"Mimi sijui kusoma."

"Ndiyo maana nakuita wewe."

Vibio aliinama, akainamisha shingo yake nene mpaka pua ikakaribia nta. "Ni sawasawa," alisema. "Hata huu mkia mfupi."

"Sarafu ukiikandamiza kwenye nta, inakuonyesha muhuri ulioizaa. Mihuri ya Zopiro iko kinyume, kama mkono wake ulivyo kinyume, ndiyo maana fedha inatoka sawa. Sasa tazama hii." Akaikandamiza sarafu nyekundu kando yake. Ilipobanduka, neno lilikuwa limelala kwenye nta kutoka kulia kwenda kushoto, sahihi kabisa, kama barua. "Huu muhuri haukuchongwa na mchongaji. Uliandikwa na mtu anayejua kuandika lugha yetu, na asiyejua kuchonga. Kosa hili ni la kwetu. Na hiki hapa kigae, kimeandikwa leo asubuhi. Neno la mwisho. Linganisha."

Vibio alikishika kigae kwa vidole viwili, akakiweka kando ya nta, akakisogeza, akakirudisha. "Huyu na huyu ni mtu mmoja," alisema. "Mkia umejikunja vilevile, kama mkia wa paka aliyekasirika. Nani kaandika hiki?"

Makarani wanne waliokuwa nyuma ya kiti cha jemadari wakatazama chini. Walikuwa wamejifunza kuandika kwa kuunakili mwandiko huo.

"Kibali hicho nilikuandikia kwa wema, Abdeshmuni," alisema Milkiyatoni.

"Najua. Na kule kwenye muhuri uliandika kwa mazoea."

Akakitoa kipande cha risasi kwenye vazi lake, akakiweka juu ya mkono wa kiti cha jemadari, akaeleza mahali alipokikuta, na ni fundo la nani lililokifunga. Karani alimgeukia Safati, akaanza kumkumbusha habari za baba zao wawili na nyumba zilizotazamana kule Karthago. Safati hakumtazama. Aliwatazama Wakampania, ambao walikuwa wamesogea hatua tatu bila kuamriwa na mtu. Akatuma watu wakapekue nyumba ya karani.

Hawakukawia. Mihuri yote miwili ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwa kitani kile kile cha hekalu, pamoja na mkoba wa fedha nyeupe mzito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Milkiyatoni alikuwa ameona Sisilia inaponyoka na akataka kurudi nyumbani tajiri kabla haijaponyoka yote. Hilo alilisema mwenyewe, haraka haraka, kana kwamba kila mtu pale angefanya hivyo hivyo.

"Mfungueni yule," alisema jemadari. "Mfungeni huyu."

Fundi seremala akainua mkono, akauliza kwa adabu kama wanaweza kupewa muda kidogo. Mti ulipimwa kwa mtu mfupi, na karani ni mrefu.

Alasiri Abdeshmuni alikwenda karakanani. Zopiro alikuwa ameketi kwenye benchi lake mbele ya dirisha, vifundo vya mikono vimevimba, Mirto akivikanda kwa maji ya chumvi. Mbele yake ilikuwa ile sarafu nzuri ya Vibio. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Wakampania walikuwa wameshaanza tena kucheza kete.

Mkaguzi alibaki amesimama. Alikuwa ametunga maneno mengi njiani, yakampotea yote. "Nisamehe, bwana Zopiro," alisema.

Zopiro aliigusa sarafu kwa ncha ya kidole. "Hili neno. Miaka tisa. Linasemaje?"

"Hukuwahi kuuliza?"

"Niliuliza. Karani aliniambia ni mambo yenu, mimi nichonge tu."

Abdeshmuni aliketi kando yake. Akakishika kidole cha Zopiro, kigumu, chenye makovu ya tindo, akakiweka upande wa kulia wa sarafu na kukipitisha polepole kuelekea kushoto, herufi moja moja, akizitamka. Kisha akamwambia maana yake: watu wa kambi. Fedha hii ni ya watu wa kambi.

Zopiro alilirudia kwa lafudhi yake ya Sirakusa, vibaya, mara mbili. Kidole hakikuondoka kwenye sarafu.

"Na mimi nimo?"

Nyundo zilianza upya uwanjani. Mirto aliacha kukanda, akamkazia macho mkaguzi. Abdeshmuni alitaka kusema umo, ni neno dogo, lingetoka bila shida humo ndani ambamo hakuna wa kulisikia. Aliona haya kulisema humo. Lile la juzi alilisema mbele ya watu.

Akainuka, akatoka nje mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akasimama mbele ya Vibio na wenzake. "Zopiro ni mwenzetu," alisema kwa sauti kubwa. Yalikuwa maneno matatu, aliyahesabu.

Wakampania waliinua macho. Mmoja akaitikia kwa kichwa, mwingine akasema sawa, bwana mkaguzi, na Vibio akarusha kete. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyeyarudia. Abdeshmuni hakuwa amefika bado kwenye kona ya waokaji mikate aliposikia nyuma yake mmoja wao ameanza kuimba, taratibu, bila ubaya wowote, kwa mazoea tu, ule wimbo wa farasi aliyesoma Kigiriki, na wengine wakaupokea.